Kana Kwamba Kesho Haipo

Januari 1936 Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kwa sinodi yake Kampala, na miongoni mwa waliosafiri kwenda huko alikuwamo shemasi kijana kutoka Gahini, mashariki mwa Rwanda. Aliitwa Blasio Kigozi. Alikuwa Mganda aliyeacha kwao akaenda kuwafundisha wainjilisti katika kituo cha misheni ng'ambo ya mpaka, na safari hii alikuja na mambo matatu ya kuwauliza wakubwa wake. Kwa nini Kanisa limepoa hivi? Kwa nini watu wanaoishi katika dhambi ya wazi wanaachwa waikaribie meza ya Bwana? Na lifanyike nini ili uhai urudi? Hakupata kuyasema. Homa ya papasi ilimlaza, na tarehe 25 mwezi ule akafariki. Maswali yake yalifika sinodini kwa vinywa vya wengine, na wito wake uliokuwa mfupi kupita kiasi, kwamba watu waamke, ukatoka mle ukumbini ukaingia vijijini.

Wenzake walimlilia, kisha wakaendelea na kazi pale alipoiachia. Naona ni sawa kuianzia habari hii hapo, kwa sababu uamsho uliokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa tangu mwanzo ni habari ya watu waliozika wenzao wakiwa na hakika ya kuwaona tena.

Miaka sita na ushei kabla ya kifo hicho, Septemba 1929, daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alikuwa amepanda kilima cha Namirembe, Kampala, akiwa amechoka mwili na roho. Njaa kali iliyoipiga Rwanda ilikuwa imemmaliza. Alikuta pale mtu aliyekuwa akimfahamu, Simeoni Nsibambi, kaka yake Blasio. Nsibambi alikuwa mtu wa familia yenye nafasi, mwenye kazi nzuri serikalini, lakini aliiacha kazi hiyo ahubiri, na baadaye akaacha hata kuvaa viatu. Wawili hao walikaa wakasoma Maandiko na kuomba, mweupe na mweusi katika koloni, kila mmoja akimkiri mwenzake kwamba ana kiu. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Kule Gahini mambo hayakwenda kwa wepesi. Wauguzi wa hospitali na walimu waligombana, Waganda na Wanyarwanda hawakupatana, Wazungu walikaa mbali na wote. Mwishoni mwa 1933, katika mikutano ya siku za Krismasi, mtu mmoja alisimama akaungama, akafuata wa pili, na watu wakaanza kulia na kusema dhambi zao kwa majina. Waliyoyasema yalikuwa mambo ya kawaida kabisa: wizi wa vitu vya hospitali, chuki, uzinzi, uongo. Vilivyoibwa vilirudishwa. Mtu alikwenda kwa aliyemdhulumu akamwomba radhi, na wamisionari nao waliomba radhi kwa Waafrika waliokuwa wakiwadharau, jambo ambalo katika miaka ile halikuwa dogo hata kidogo.

Kuna wanaoukumbuka uamsho huu kwa kelele zake, nyimbo za usiku kucha, kutetemeka na ndoto. Hayo yalikuwapo. Lakini ukiwasikiliza wazee waliouishi, watakuambia zaidi habari za madeni. Ng'ombe aliyeporwa alirudishwa kwa mwenyewe. Kodi iliyokwepwa ililipwa, na karani wa boma akabaki haelewi afanye nini na mtu aliyeleta fedha ambazo hakuna aliyemdai. Walioamini kwamba parapanda inaweza kulia usiku wa leo hawakutaka iwakute na mali ya jirani ndani ya nyumba.

Kutoka Gahini moto ulikwenda Kigezi, Kabale ikawa na mkutano wake mkubwa mwaka 1935. Ukashuka Buganda, ukaingia Burundi, ukavuka hadi Kenya na Bukoba. Waganda waliwaita watu hawa balokole. Kwa Kiswahili wakajiita ndugu, wapendwa, waliookoka. Walisalimiana kwa kumsifu Bwana, wakakutana kila wiki kwenye ushirika, wakaweka mambo yao nuruni mbele ya wenzao, kisha wakanywa chai pamoja. Hawakutoka kwenye makanisa yao. Hata mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walipofukuzwa kwa sababu ya kukaidi amri ya kutohubiri alfajiri, wengi wao hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki wakiwa waumini wa kawaida katika Kanisa lililowafukuza, na mmoja wa viongozi wao, William Nagenda, aliendelea kuhubiri bila kupewa upadri mpaka mwisho wa maisha yake.

Imani ya ufufuo inapimwa pale ambapo mtu anaweza kuokoa maisha yake kwa neno moja. Kenya ilipoingia katika hali ya hatari mwaka 1952, ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta katikati ya mioto miwili. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka wale kiapo, nao wakakataa wakisema kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Serikali ya kikoloni iliwataka wachukue bunduki wapigane upande wake, na wengi wao wakakataa hilo pia. Wapo waliouawa kwa kukataa kiapo, na wapo walioitwa wasaliti na pande zote mbili. Siandiki haya kuwahukumu waliopigania ardhi yao. Madai ya ardhi yalikuwa ya haki. Naandika kwa sababu watu hawa walikuwa na njia mbili rahisi za kuishi na hawakuchukua hata moja.

Miaka michache baadaye zamu ikawa ya Rwanda. Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha walivuka mpaka wa Burundi wakaishambulia Bugesera, na serikali ikalipiza kwa kuwaua Watutsi wengi wasiohusika. Katika eneo la Nyamata kulikuwa na mchungaji aitwaye Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia watu waliohamishwa huko kwa nguvu kutoka sehemu nyingine za nchi. Aliijua hatari, na aliweza kuondoka. Alibaki. Tarehe 23 Januari 1964 wanajeshi walifika nyumbani kwake usiku, wakamchukua yeye na mwalimu mmoja kwa gari hadi karibu na mto Nyabarongo. Yona aliomba ruhusa ya kuandika katika daftari lake. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni, akataka daftari na fedha alizokuwa nazo zimfikie mkewe. Kisha akapelekwa darajani akiwa anaimba. Alipigwa risasi, na mwili wake ukatupwa mtoni. Mwalimu aliachiwa, na ndiye aliyeusimulia usiku ule, pamoja na mshangao wa askari ambao hawakuwa wameona mtu akiendea kifo kwa wimbo.

Zile fedha hazinitoki akilini. Mtu aliyebakiza dakika chache za kuishi, na anayeamini kwa moyo wote kwamba anaingia katika utukufu, bado anafikiria noti zilizo mfukoni na mikono itakayozipokea. Tumefundishwa na wenye kudharau dini kwamba tumaini la mbinguni humfanya mtu asijali ya duniani. Yona alijali ya duniani mpaka ukingoni mwa daraja.

Si kila kungoja mwisho kulikwenda hivi, na historia ya kweli haifichi. Ndani ya uamsho wenyewe, miaka ya 1960 na 1970, lilizuka Uganda kundi la waliojiita walioamka upya, chini ya Yona Mondo, wakaona wenzao wamelegea. Wakaanza kuweka masharti: ndugu asichukue mkopo, asifanye hili wala lile nyumbani mwake. Hofu ya kukutwa na deni siku ya Bwana iligeuka kuwa sheria ya kumhukumu mwenzako, na ushirika uliokuwa mmoja ukapasuka. Hayo yalikuwa maumivu ya ndugu kwa ndugu, na yalipona kwa kiasi. Ya Kanungu hayakupona. Kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na miili mingine ikafukuliwa baadaye katika nyumba za kundi hilo. Walikuwa wameambiwa kwamba dunia inakwisha mwaka ukigeuka, wakauza mali zao. Mwaka 2023 pwani ya Kenya, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu waliofunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu, watoto wakiwamo.

Hasira ninayoisikia nikiandika majina hayo mawili siwezi kuificha. Watoto wale hawakuchagua kitu. Na wale waliowaongoza walilichukua tumaini lililo zuri kuliko yote tuliyo nayo wakalifanya chombo cha kuwatenga watu na shamba, shule, hospitali na jamaa zao. Kila aliyewahi kuketi katika ushirika wa ndugu wa zamani angelitambua kosa hilo mara moja, kwa sababu kwao aliyeokoka alirudishwa kwa jamaa zake akiwa na deni la kulipa na radhi ya kuomba. Hakuna aliyefichwa msituni.

Mtu aliyeonyesha jambo hili kwa ukamilifu kuliko wote, kwa maoni yangu, alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda. Wazazi wake, Eliya Okello na Aireni Aloyo, walikuwa Wakristo. Janani Luwum alichunga mifugo, akaanza shule akiwa mkubwa, akasomea ualimu Boroboro karibu na Lira, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Tarehe 6 Januari 1948 uamsho ulimkuta nyumbani kwao kupitia kwa Yusto Otunno na mkewe. Alilia, akaungama, na siku hiyohiyo akawaambia waliokuwapo kwamba amekuwa askari wa Kristo na yuko tayari kufa katika jeshi hilo. Maneno ya kijana mwenye jazba, mtu angesema. Wengi husema hivyo siku ya kwanza.

Mwaka uliofuata aliingia chuo cha Buwalasi, akapewa ushemasi 1955 na ukasisi 1956, akasoma Uingereza mara mbili, akarudi kufundisha, akawa katibu wa jimbo kuu. Januari 1969 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa na miaka mitatu madarakani, na Waacholi na Walango waliokuwa jeshini walikuwa wamekwisha kuuawa kwa mamia na mamia. Luwum alikuwa Mwacholi. Kila aliyemwona akipanda kile kiti alijua.

Hakuanza kwa kupiga kelele. Alikwenda ikulu alipoitwa, alikaa karamuni, alimsemesha Amin ana kwa ana, na wako Wakristo waliomnung'unikia kwamba anakula na mwuaji. Lakini mchana, mke au mama alipokuja akilia kwamba mumewe au mwanawe amechukuliwa, askofu mkuu aliingia garini akaenda mwenyewe kwenye ofisi za State Research Bureau, kile kikosi cha usalama ambacho watu walivuka barabara ili wasipite karibu na jengo lake, akauliza kwa jina: huyu yuko wapi? Mara nyingine mtu aliachiwa, na mara nyingi hakuachiwa. Agosti 1976 alikaa na viongozi wa Katoliki na wa Kiislamu kuzungumzia mauaji na hali ya nchi, na Amin alikasirika sana kusikia kwamba watu wa dini zote wamekutana bila idhini yake.

Kwa waliomnung'unikia Luwum alitoa jibu ambalo limehifadhiwa. Aliwaambia kwamba hajui kiti kile atakikalia mpaka lini, kwamba anaishi kana kwamba kesho haipo, na kwamba kila siku anatazamia kuchukuliwa na askari. Maadamu nafasi ingali ipo, anaihubiri Injili kwa nguvu zake zote, na dhamiri yake haimshtaki. Ukiyatazama maneno hayo vizuri utaona kwamba ndiyo tafsiri yake ya nyakati za mwisho. Hakuhesabu miaka wala hakufafanua wanyama wa kitabu cha Ufunuo. Aliamka asubuhi akafanya kazi ya siku ile.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa jubilei. Wamisionari wa kwanza wa Anglikana walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, kwa hiyo Kanisa lilikuwa likitimiza karne, na maandalizi yalikuwa yamepamba moto. Tarehe 30 Januari maelfu walikusanyika Bushenyi kumweka wakfu askofu mpya wa Ankole Magharibi. Aliyehubiri ni Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, mtoto wa uamsho, aliyewahi kufundisha shule Dodoma na kumtafsiria Billy Graham alipohubiri Afrika Mashariki mwaka 1960. Mbele ya maofisa wa serikali alizungumzia thamani ya uhai wa binadamu, akawauliza wameutumiaje uwezo waliopewa na Mungu. Baadhi ya maofisa waliondoka na nyuso za hasira.

Siku sita baadaye, saa saba na nusu za usiku wa Februari 5, mbwa wa askofu mkuu walibweka. Luwum alichungulia akamwona mlangoni mtu aliyemfahamu, ana jeraha usoni, akadhani amekuja kuomba msaada, akafungua. Askari waliokuwa wamejificha wakaruka ndani, mmoja akamwekea bunduki tumboni, wakadai silaha. Walipekua vyumba vyote, chini ya vitanda, ndani ya magunia ya mahindi, karanga na ufuta, hata kanisa dogo la nyumbani hawakuliacha. Yule mtu, ambaye alikuwa amefungwa pingu na kuteswa, alimsihi aonyeshe silaha zilipo. Luwum aliwaambia kwamba nyumba ile ni ya Mungu, na kinachofanyika humo ni maombi kwa ajili ya rais na usalama wa nchi. Waliondoka mikono mitupu, na mmoja wao akataka lango la mbele lifunguliwe. Hawakulistahili, walikuwa wameruka ua wakati wa kuingia, lakini alilifungua.

Maaskofu walikutana wakamwandikia Amin barua. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nastaajabia utulivu wake. Wanamkumbusha kwamba bunduki iliyonunuliwa kumlinda raia sasa inamwelekea raia. Wanataja watu waliopotea na wajane waliobaki. Wanaeleza kilichotendeka nyumbani kwa mkuu wao. Na wanaweka sahihi. Hakuna tusi. Katika nchi ile wakati ule, kuweka sahihi chini ya karatasi kama hiyo kulikuwa sawa na kuandika wosia.

Tarehe 16 Februari waliitwa pamoja na viongozi wengine wa dini na wa serikali kwenye hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Uwanjani zilipangwa silaha, na mbele yake wanajeshi wengi. Hati ikasomwa, ikimtaja askofu mkuu kuwa mshirika katika njama za Rais Obote aliyepinduliwa. Wanajeshi wakaulizwa wafanywe nini wasaliti hao, nao wakapaza sauti wauawe. Lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mpaka leo wako Waganda wazee wanaoisikia lugha yetu na kukumbuka vizuizi vya barabarani. Luwum alitikisa kichwa kwa utulivu kukanusha. Alimnong'oneza Kivengere kwamba watamwua, na kwamba haogopi.

Maaskofu waliruhusiwa kwenda, ila yeye aliambiwa rais anataka kuzungumza naye. Akiagana nao alisema kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo hili. Walisubiri nje kwa saa nyingi, hata askari wakawafukuza kwa nguvu. Asubuhi ya Februari 17 redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum amefariki katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walipojaribu kumnyang'anya dereva usukani. Hakuna aliyeamini.

Kanisa liliomba mwili, likanyimwa. Jeneza lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, wakataka lizikwe upesi na lisifunguliwe. Lilifunguliwa. Wanakijiji waliona matundu ya risasi katika mwili wa mtoto wao, na habari ya ajali ikafia hapohapo. Wakamzika nyumbani.

Kampala hawakulijua hilo kwa uhakika. Walikuwa wamechimba kaburi Namirembe, karibu na mahali palipozikwa mifupa ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kaburi lilikuwa tayari na hakukuwa na wa kuzikwa. Serikali ikapiga marufuku ibada ya kumbukumbu. Lakini Februari 20 ilikuwa Jumapili, na ibada ya Jumapili haihitaji kibali cha pekee. Maelfu walipanda kilima, wakijua kwamba katika umati wamo wenye kuandika majina. Ibada ilipokwisha hawakwenda nyumbani. Walitoka nje wakalizunguka lile shimo na kuimba, zikiwamo zile sifa za uamsho ambazo kwa Kiganda mtu yeyote wa Maziwa Makuu anazijua tangu neno la kwanza. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile na mmoja wa ndugu wa miaka ya mwanzo, alisimama ukingoni. Aliwakumbusha wanawake waliofika kaburini alfajiri na jinsi malaika alivyowaambia kwamba wanayemtafuta hayupo, amekwisha kufufuka.

Fikiri ujasiri wa kufanya hivyo. Amin alikuwa ameuficha mwili ili watu wasipate mahali pa kulilia, wala kaburi la kumpa mtu huyo nguvu baada ya kufa. Akawaachia shimo tupu, na Wakristo ndio watu pekee duniani ambao imani yao nzima ilianzia kwenye kaburi lisilo na mtu. Sabiti hakubuni kitu. Alisoma tu kilichokuwa mbele ya macho yao.

Baada ya hapo walitawanyika. Mama Mary Luwum na watoto walikimbilia Kenya. Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda, wakisaidiwa na watu wa vijijini. Uhamishoni chuki ilimwingia, anavyokiri mwenyewe. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa London, katika ibada, akisikiliza sala ya Yesu kwa ajili ya waliomsulubisha, na akaona kwamba moyo wake haumo katika sala hiyo. Alichokifanya ndicho ambacho ushirika wa Kabale ulikuwa umemfundisha tangu ujana: aliungama mbele za Mungu, kisha akaungama hadharani. Kabla mwaka haujaisha alichapisha kitabu chenye jina lililotangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi wengi walikasirika, na siwalaumu. Walikuwa na wafu wao. Naye alikuwa na wake. Alirudi nyumbani mwaka 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipokwisha kuingia Kampala Aprili 11, akatumia miaka tisa iliyobaki ya maisha yake akijenga upya dayosisi na kuwaomba watu wasilipize kisasi.

Lakini kabla ya hayo, Amin akiwa bado ikulu na kikosi chake cha usalama kikiwa bado kazini, maaskofu waliobaki walikuwa na uamuzi wa kufanya kuhusu jubilei. Mtu angewaelewa kama wangeiahirisha. Walimchagua askofu mkuu mpya, Silvanus Wani, mtu wa Magharibi ya Nile, Mkakwa wa kabila la Amin mwenyewe, na kazi za kamati zikaendelea. Juni 1977 watu walikuja Kampala kwa maelfu, kwa mabasi, malori na miguu, kusherehekea miaka 100 ya Injili nchini mwao. Miongoni mwao walikuwamo wengi walioliacha Kanisa miaka mingi iliyopita, na waliporudi majumbani wakajiandikisha upya katika mitaa yao.